Mafuta, Gesi na Vitundu vya Mwambatope: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa sana hapa Arusha na Moshi. Wanaouliza ni wanafunzi wa kidato cha sita, vijana waliorudi likizo kutoka vyuo wanakosomea jiolojia, waongoza watalii ambao mgeni kawabana garini, na madalali wa mawe wa Mererani, ambao kwa kweli ndio wenye maswali magumu kuliko wote. Habari za gesi ya Mtwara na bomba la kutoka Hoima hadi Tanga zimewafanya watu watake kujua zaidi ya bei na ajira: mafuta hutengenezwaje ndani ya jiwe, na jiwe lenyewe hubaki katika hali gani baada ya hapo?

Nikianza na jibu lililo nyuma ya majibu yote: vitundu vya ndani ya mwambatope havikuwepo tangu mwanzo vikingoja mafuta yaje. Vingi vimezaliwa wakati mafuta na gesi vikitengenezwa. Vingine vimezibwa na mafuta hayohayo. Na vingine vimekufa kwa sababu joto lililoyatengeneza halikujua kuacha.

Mwambatope ni mwamba gani?

Ni tope laini sana lililotulia chini ya bahari au ziwa, likafukiwa na tope jingine juu yake, likakandamizwa mpaka likawa jiwe. Wanajiolojia huuita sheli. Ukiupiga nyundo hubanduka vipandevipande bapa. Ndani yake kuna madini ya udongo mfinyanzi, chembe ndogo za kwatsi, mara nyingi chokaa, na, katika ile myeusi inayotuhusu hapa, mabaki ya viumbe: mwani, planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini), na vipande vya mimea vilivyosombwa na mito.

Si kila mwambatope una mabaki hayo ya kutosha. Lazima tope liwe limetulia mahali ambapo oksijeni ni haba, la sivyo bakteria na wadudu wa majini hula kila kitu kabla hakijafukiwa.

Vitundu vyake ni vidogo kiasi gani?

Hupimwa kwa nanomita, na nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Wataalamu wamevipanga katika makundi matatu: vilivyo chini ya nanomita 2, vya kati ya 2 na 50, na vinavyozidi 50. Molekuli ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ina upana wa karibu nanomita 0.38. Kwa hiyo katika kitundu cha nanomita 5, molekuli za methani zikipangwa mstari mmoja kutoka ukuta hadi ukuta zinaenea kama 13 tu. Kwenye kitundu cha nanomita 1, mbili zikikaa, nafasi imekwisha.

Kumbuka namba hizi, maana zinaeleza kwa nini gesi ya humu haitiririki kama ile ya Songo Songo, iliyoko kwenye miamba ya mchanga yenye nafasi kubwa mara maelfu.

Mafuta yenyewe yanatoka wapi?

Yanatoka kwenye kerojeni. Mabaki ya viumbe yakishafukiwa hubadilika polepole kuwa kitu kigumu, cheusi au cha kahawia, kisichoyeyuka hata ukikitia kwenye viyeyusho vya maabara. Hiyo ndiyo kerojeni. Ya mwani wa ziwani huitwa aina ya kwanza, ya planktoni wa baharini aina ya pili, na ya mimea ya nchi kavu aina ya tatu. Mbili za mwanzo hutoa mafuta vizuri. Ya tatu hutoa gesi zaidi.

Kisha kazi ni ya joto. Kadiri unavyoshuka ardhini, joto hupanda kwa wastani wa nyuzijoto 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Ukifika kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, minyororo mirefu ya kerojeni huanza kukatika. Kwanza hutoka bitumini, kitu kizito kama lami, halafu mafuta. Ukipita nyuzi 150, mafuta yenyewe nayo hukatika kuwa gesi. Muda nao una sehemu yake: joto la wastani kwa miaka milioni nyingi linaweza kufanya kazi ya joto kali la muda mfupi zaidi.

Kupima mwamba umepikwa kiasi gani, wataalamu hutazama vipande vya vitriniti, ambavyo ni mabaki ya miti, na kupima ni asilimia ngapi ya mwanga inarudi ikivimulika. Mng'ao wa asilimia 0.6 hivi ni mwanzo wa mafuta. Kwenye 1.3 mafuta yanaelekea mwisho na gesi inashika nafasi. Juu ya 2.0 ni gesi kavu, yaani methani karibu tupu. Namba hizi zitarudi mara nyingi hapa chini, kwa hiyo usizipite haraka.

Mafuta yakitengenezwa, vitundu huongezeka au hupungua?

Vyote viwili, kwa zamu. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanatarajia mstari mmoja ulionyooka, na vitabu vingine vya utangulizi huwapa mstari huohuo.

Tuanze chini ya bahari. Tope bichi huwa na maji mengi kuliko chembe. Asilimia 60 hadi 80 ya ujazo wake inaweza kuwa maji. Likifukiwa, uzito wa juu hukamua maji na chembe bapa za udongo hulaliana. Zikipita kilomita mbili au tatu za kina, nafasi kubwa ya mwanzo imekwisha. Mpaka hapa mafuta hayajaingia kwenye hadithi.

Mng'ao ukifika 0.6 na kuendelea, bitumini hutoka kwenye kerojeni ikiwa nzito na yenye kunata. Haina pa kwenda ila kwenye nafasi zilizobaki kati ya chembe, na huko huziba. Kerojeni yenyewe hunyonya sehemu ya mafuta iliyoyatengeneza na kuvimba nayo. Matokeo yake, ukipima uwazi, yaani sehemu ya ujazo iliyo vitundu, wa mwamba ulio katikati ya hatua ya mafuta, mara nyingi utakuta ni mdogo kuliko wa mwamba uleule ambao haujaiva. Hili huwashangaza watu, kwamba mwamba unaotoa mafuta ndio umejifunga.

Halafu mambo hugeuka. Kutoka mng'ao wa 0.9 hadi 1.3 hivi, na zaidi baada ya hapo, mafuta yaliyokwama humo hukatika kuwa gesi. Molekuli nyepesi huondoka, na nyuma hubaki mabaki magumu yanayoitwa pirobitumini. Ndani ya kerojeni iliyobaki na ndani ya pirobitumini hiyo hutokea vitundu vipya, vya duara au vya umbo la yai, maelfu kwa maelfu. Uwazi hupanda tena, na sasa sehemu kubwa yake iko ndani ya mabaki ya viumbe, wakati zamani ilikuwa kati ya chembe za madini.

Mfano mzuri ninaoupenda uko Ujerumani, katika mwamba wa Posidonia wa mwanzo wa enzi ya Jura, eneo la Hils. Huko kuna visima vitatu vilivyochimbwa katika tabaka lilelile, ila kila kimoja kimepikwa tofauti: Wickensen una mng'ao wa 0.53, Harderode 0.88, na Haddessen 1.45. Ni tope la bahari ileile, la umri uleule, katika hatua tatu. Uwazi ni mkubwa Wickensen, unashuka sana Harderode, na unapanda tena Haddessen. Ukiwa na mwanafunzi asiyeamini kwamba vitundu huziba kisha huzaliwa upya, mpe visima hivyo vitatu.

Zamu ya mwisho ni ya kifo. Mng'ao ukipita 3 na kuelekea 3.5, kerojeni huanza kujipanga upya, tabaka zake za kaboni zikikaa sambamba na kubanana. Vitundu hupungua, hupondeka, na gesi iliyokuwemo huwa imeshatafuta njia ya kutoka. Mwamba wa Whitehill katika bonde la Karoo la Afrika Kusini umeleta wasiwasi wa namna hii, kwa sababu sehemu zake nyingi zimepikwa kupita kiasi, na mawe ya moto yaliyojipenyeza humo yaliongeza joto juu ya joto.

Lakini kama vitundu vimejaa mafuta, si bado ni vitundu?

Swali la haki kabisa, na aliyeuliza alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ndiyo, ni vitundu. Vyombo vingi vya maabara huhesabu nafasi tupu tu, kwa hiyo kitundu kilichojaa mafuta hakionekani. Ukiosha sampuli kwa kiyeyusho, sehemu ya uwazi uliopotea hurudi. Kwa hiyo kushuka ninakokueleza kuna sehemu mbili: ile ya kweli, ambapo mwamba umekandamizwa na kuzibwa na bitumini iliyogandamana, na ile inayotokana na namna ya kupima. Ripoti isiyosema kama sampuli ilioshwa au la, isome kwa jicho la pembeni.

Vitundu vya ndani ya kerojeni vinaonekanaje, na nani aliviona kwanza?

Kwa miaka mingi watu walijua kwamba gesi iko kwenye mwambatope lakini hawakuwa na picha nzuri ya mahali inapokaa. Ukisugua jiwe kwa karatasi ya msasa ili ulitazame, unalikwangua na kung'oa chembe, na kile unachokiona kama tundu huenda umekichimba mwenyewe. Njia ilipatikana kwa kulainisha uso wa jiwe kwa mwale wa ayoni (atomi zenye chaji) za gesi ya agoni, halafu kulitazama kwa hadubini ya elektroni. Mwaka 2009 Robert Loucks na wenzake wa Texas walichapisha picha za mwamba wa Barnett, ule ulioanzisha biashara kubwa ya gesi ya mwambatope Marekani. Walikuta vitundu vya nanomita 5 hadi 750, vingi vikiwa ndani ya mabaki ya viumbe.

Katika picha hizo madini huonekana ya kijivu, na kerojeni ni nyeusi zaidi, imekaa kama utepe uliobanwa kati ya chembe. Utepe huo umejaa matundu ya duara. Anayejua kitumbua kilichopasuliwa katikati ameshaona kitu cha kufanana: gesi imejitengenezea nafasi wakati unga bado laini, kisha unga ukashika. Tofauti ni kwamba hakuna mtu anayeweka kilomita tatu za mawe juu ya kitumbua chako.

Jambo linalochosha wataalamu ni kwamba vitundu hivi havina adabu. Katika mwamba wa Woodford wa Oklahoma, vipande viwili vya mabaki ya viumbe vimekutwa vimekaa jirani, umbali wa mikrometa chache, kimoja kimetobokatoboka na kingine hakina hata kitundu. Joto lao ni lilelile, shinikizo ni lilelile. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vilitoka kwa viumbe tofauti, au kimoja ni kerojeni ya asili na kingine ni bitumini iliyohamia pale baadaye. Kwa hiyo mtu akikuambia mng'ao fulani unaleta uwazi fulani, mwulize kerojeni ni ya aina gani kabla hujamwamini.

Kuna hesabu ya kuonyesha nafasi inayoweza kuzaliwa?

Ipo, na inafaa kufanyiwa ubaoni. Chukua gramu 100 za mwamba wenye kerojeni asilimia 5 kwa uzito. Kerojeni ni nyepesi; tuseme gramu 1.25 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati madini ni karibu 2.65. Gramu 5 za kerojeni zinachukua sentimita za ujazo 4. Gramu 95 za madini zinachukua karibu 36. Jumla ni 40, kwa hiyo kile kilichokuwa asilimia 5 kwa uzito ni asilimia 10 kwa ujazo. Sasa nusu ya kerojeni hiyo ikigeuka mafuta na gesi na kuondoka, na kama hakuna kilichoporomoka, umepata nafasi mpya ya asilimia 5 ya mwamba mzima. Kwa mwambatope hiyo ni nafasi kubwa mno.

Yale maneno "kama hakuna kilichoporomoka" ndiyo yenye shida. Katika hali halisi sehemu ya nafasi hiyo hukandamizwa palepale inapozaliwa.

Kwa nini vitundu vingine hubaki wazi na vingine hupondeka?

Shinikizo la ndani. Kerojeni ikigeuka mafuta, na zaidi sana mafuta yakigeuka gesi, ujazo unaotakiwa ni mkubwa kuliko uliopo, na mwamba haupitishi vitu kirahisi. Gesi hujibana na kusukuma kuta kwa nje. Shinikizo hilo hubeba sehemu ya uzito wa miamba ya juu na kuzuia vitundu visilale. Likizidi nguvu ya jiwe, hupasua nyufa nyembamba ambazo huunganisha vitundu vilivyokuwa peke yake. Baadaye nyufa hizo huweza kujifunga tena au kujaa madini.

China inaonyesha hili vizuri. Katika mwamba wa Longmaxi, bonde la Sichuan, maeneo ambayo paa lake, yaani mwamba unaoufunika juu, halijavuja, kama uwanja wa gesi wa Fuling, yana shinikizo kubwa na vitundu vyake ni vya duara. Mahali ambapo mipasuko ya ardhi imeachia gesi ikatoka, vitundu ni bapa na vidogo, ingawa mapishi yalikuwa yanakaribiana. Madini nayo husaidia: kwatsi iliyotokana na magamba ya viumbe wadogo hujenga kiunzi kigumu kinachokinga kerojeni, na udongo mwingi hauna uwezo huo.

Na vitundu vya kwenye madini, haviguswi?

Vinaguswa, kwa njia mbili za haraka kueleza. Kerojeni inapokaribia kutoa mafuta hutoa pia asidi, na asidi hizo hula chokaa na feldispa, zikiacha matundu. Wakati huohuo, udongo wa aina ya smektaiti hubadilika kuwa ilaiti na kuachia maji. Chembe hujipanga upya na vitundu vya kati yake hubadilika umbo. Faida ya hapa mara nyingi huliwa pale, kwa sababu kile kilichoyeyuka huganda jirani na kuziba nafasi nyingine. Mimi siwekei uzito mkubwa upande huu kwa miamba yenye kerojeni nyingi, lakini kwa yenye chokaa nyingi si wa kupuuzwa.

Gesi inakaaje humo ndani?

Kwa namna mbili kuu. Sehemu yake huelea huru katika vitundu vikubwa na nyufa. Sehemu nyingine hunata kwenye kuta za vitundu. Kitundu kikiwa kidogo, eneo la kuta ni kubwa sana ukilinganisha na nafasi yake, kwa hiyo vile vya chini ya nanomita 2, ambavyo mtu angevidharau, ndivyo hodari wa kunasa gesi. Kuna pia gesi iliyozama ndani ya kerojeni yenyewe.

Kisima kikifunguliwa, gesi huru hutoka kwanza na kwa kasi. Ile iliyonata husubiri mpaka shinikizo lishuke. Ndiyo maana visima vya mwambatope huanza kwa kishindo, hushuka sana ndani ya mwaka wa kwanza, kisha huendelea kutoa kidogokidogo kwa miaka. Mafuta yana taabu zaidi: molekuli zake ni kubwa, na nyingi hubaki zimekwama mlemle zilimozaliwa.

Vitu vidogo hivi hupimwaje?

Hakuna chombo kimoja kinachoona vyote. Nitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri hutumika kwa vitundu vya kati. Dioksidi ya kaboni kwenye nyuzi 0 hutumika kwa vile vidogo kabisa, kwa sababu nitrojeni yenye baridi kali hushindwa kujipenyeza humo. Zebaki husukumwa kwa shinikizo kubwa kuingia kwenye vile vikubwa, na heli hupima jumla. Hadubini ya elektroni huonyesha umbo, lakini kwa kipande kidogo mno cha jiwe. Picha mia moja nzuri zinaweza kutoka kwenye eneo ambalo hata jicho halilioni. Mtu akileta picha moja na kusema "huu ndio mwamba", ameleta picha, hajaleta mwamba.

Si wangepika jiwe maabara waone vitundu vikizaliwa?

Wanapika. Jiwe ambalo halijaiva hufungiwa ndani ya chombo cha chuma pamoja na maji, kisha hupashwa nyuzi 300 hadi 360 kwa saa 72 hivi. Joto hilo kali hufidia miaka milioni ambayo maabara haina. Kemia yake inakaribia sana ile ya asili. Vitundu ndivyo vya kutiliwa shaka, kwa sababu katika majaribio mengi hakuna uzito wa miamba unaokandamiza sampuli, na kitundu kisichokandamizwa hukua kinavyotaka.

Mererani kuna mawe meusi yanayochafua mikono. Je, yana uhusiano na haya?

Yana uhusiano kuliko watu wanavyodhani, na hili ndilo swali ninalofurahi kulijibu.

Chukua kipande cha jiwe jeusi kutoka kwenye rundo la kifusi pale Mererani. Kipitishe kidole: kinateleza kama kimepakwa mafuta, na kidole hubaki na rangi ya kijivu yenye kung'aa. Ukikivuta juu ya karatasi kinaandika. Ni kinywe, yaani grafiti. Wachimbaji hutoka mashimoni wameng'aa weusi kwa vumbi lake kuanzia kope hadi viatu. Kinywe hicho kimewahi kuchimbwa kibiashara palepale, ingawa tanzanite ndiyo iliyobeba jina la mahali tangu ilipogunduliwa mwaka 1967.

Miamba hiyo ya Mererani, iliyo katika vilima vya Lelatema, inaeleweka kuwa ilianza kama tope na chokaa za baharini, na tope lake lilikuwa na mabaki mengi ya viumbe. Yaani ilikuwa mwambatope mweusi. Kisha mabara yalipogongana na kujenga Mkanda wa Msumbiji, safu ya milima ya kale ya Afrika Mashariki, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita kwa kukadiria, tope hilo lilizamishwa na kupikwa kwa mamia ya nyuzijoto. Kama lilitoa mafuta, yalishatoka. Kama lilitoa gesi, nayo ilishatoka. Kaboni iliyobaki ilijipanga tabaka kwa tabaka ikawa kinywe, na vitundu vya nanomita vilivyokuwa ndani ya kerojeni havikuwa na pa kukaa tena. Hata vanadi inayoipa tanzanite ubluu wake inahusishwa na tope hilo jeusi, kwa kuwa mabaki ya viumbe hupenda kukusanya metali hiyo.

Kwa hiyo dalali anayeuliza kama chini ya Mererani kuna mafuta, jibu ni kwamba amechelewa kwa miaka zaidi ya milioni mia tano.

Na kule Karatu, Ziwa Eyasi? Tunasikia wanatafuta mafuta.

Ni kweli, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekuwa likifanya utafutaji katika bonde la Eyasi-Wembere, ambalo linagusa mkoa wetu na mikoa jirani. Wazo linatokana na majirani. Bonde la ufa limetoa mafuta Uganda, kwenye Ziwa Albert, yaliyothibitishwa mwaka 2006, na Kenya, kule Turkana, mwaka 2012. Chanzo chao ni tope la maziwa ya kale lenye mwani. Mafuta ya namna hiyo huwa na nta nyingi, na ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lazima lipashwe joto njia nzima.

Ila angalia: huko kote kinachotafutwa ni mafuta yaliyokwisha kutoka kwenye tope na kuhamia kwenye mchanga wenye nafasi. Vitundu vya mwambatope vinahusika kwa upande mwingine wa hesabu: vikishikilia mafuta mengi, mchanga unapata kidogo. Maswali ya Eyasi ni ya kawaida kabisa: tope la kutosha lipo? Lilifukiwa kina cha kutosha kuiva? Lina paa?

Gesi ya mtungi ninayopikia Moshi ndiyo hiyohiyo ya Songo Songo?

Hapana. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kibiashara mwaka 2004, ni methani karibu yote. Ya mtungi ni propani na butani, na huja nchini kwa meli. Methani haikubali kugeuka kimiminika kwenye mtungi wa jikoni kwa shinikizo la kawaida. Propani na butani hupatikana zaidi pale ambapo mwamba umeishia kwenye hatua ya gesi mbichi, yaani ile isiyo methani tupu, mng'ao wa 1.3 hadi 2.0, au kwenye mafuta yenyewe yakisafishwa.

Watakuja kupasua miamba kwa maji Arusha na kutuharibia visima?

Sioni kwa sababu gani. Upasuaji huo hufanywa kwenye mwambatope ulioiva, wenye gesi ndani ya vitundu nilivyoeleza. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni lava na majivu ya volkano. Gesi inayozalishwa Tanzania leo inatoka kwenye miamba ya mchanga ya pwani. Visima vyetu vina tatizo lao la floraidi, na hilo linatokana na volkano.

Naweza kuona vitundu hivi kwa hadubini ya shule?

Huwezi. Mwanga wa kawaida hautenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, na vingi vya vitundu hivi ni vidogo kuliko hapo. Unachoweza kuona kwa lenzi ya mkono ni mistari ya tabaka, vimeta vya pairaiti, na ukibahatika, gamba la samaki. Miamba ya Karoo (imepewa jina la bonde lile la Afrika Kusini) iliyo na mchanga na mwambatope iko pia upande wa Tanga, kwa hiyo shule inayopanga safari ya huko ina pa kuanzia. Vunja kipande kipya kutoka ndani ya mwamba. Kilichokaa juani miaka mingi kimeshapauka, na kerojeni yake imeliwa na hewa, kwa hiyo hata ukikipeleka maabara kitakupa majibu ya jua, si ya tope.